Ruhusa ya Kufa Maji

Salatiga, 3 Februari 1996

Baba mpendwa,

Salamu zetu zikufikie huko kwenye baridi. Mimi na Wening hatujambo. Tunaomba nawe uwe mzima, na magoti yako yazidi kukubaliana na zile ngazi za ghorofa ya nne. Barua hii anaibeba Sista Yosefin, anayekwenda Uholanzi, naye ataiposti akifika. Ndiyo maana leo nathubutu kukuita Baba. Za posta ya hapa zitabaki kama kawaida: wewe ni Baba Mkubwa, na baba yangu alikwisha kufa.

Na shida yangu ni hiyo, kwamba alikwisha kufa.

Nimeomba bima ya maisha. Hali yetu unaijua. Baba yake Wening yuko Kalimantan na mke mwingine, Mama ametangulia, na Wening ana miaka minane na hasikii. Analala bwenini kwa masista, kwenye shule ya viziwi. Nikifa kesho, nani atamsomesha? Mama Tatik wa nyumba ya mbele, aliyekuwa mwalimu kama mimi na sasa ni wakala wa bima, akaniletea fomu.

Fomu inauliza maradhi ya kichwa. Mama Tatik akasema, "Andika hapana, mwalimu. Nani kichwa hakimuumi? Mimi kinaniuma kila nikimwona mume wangu." Sikuweza. Niliandika: kipandauso, tangu nikiwa na miaka kumi na mitatu, mara tatu kwa mwezi, kwanza vimulimuli machoni, kisha nusu ya uso inakufa ganzi, kisha maumivu. Daktari wa kampuni aliponikuta na michirizi myekundu ya dawa ya kienyeji mgongoni akacheka: "Umeshakwanguliwa kwa sarafu, upepo umetoka. Sasa mimi nitafute nini?"

Hayo yote yalipita. Kilichonikwamisha ni wewe. Walitaka cheti cha kifo cha mzazi. Mwaka 1966, nawe uko masomoni huko, jeshi liliposhika nchi, pasipoti yako ikafutwa na watu wakaanza kuulizana uko wapi na uko upande gani, Mama alikwenda ofisi ya kata akaandikisha kwamba umekufa ghafla kwa ugonjwa wa kichwa. Nani angebisha? Mtaa mzima ulikuwa ukikuona umejifunga kitambaa kichwani na madirisha yamefungwa mchana. Cheti hicho kimetulinda miaka thelathini. Sasa kampuni inasoma: baba, miaka thelathini na mmoja, amekufa kwa kichwa, binti, miaka thelathini na minne, kichwa kile kile. Wamenikataa kwa mistari miwili.

Niambie, Baba, kichwa chako kikoje?

Mwanao,
Nastiti


Praha, 19 Machi 1996

Nastiti, mwana wa mdogo wangu,

Nimefurahi kusikia mko salama. Mimi nipo, theluji inayeyuka na barabara ni tope tupu.

Umeniuliza habari za kichwa cha marehemu mdogo wangu Prawito. Nazijua vizuri, maana hatukuachana hata siku moja. Angekuwa hai, angekuwa na miaka sitini na mmoja. Angekuwa amestaafu kwenye kiwanda cha ramani, alikokuwa akisahihisha majina ya mito ya nchi za watu. Angekuwa anaona vile vimulimuli, kama ukuta wa ngome unaosogea, mara mbili kwa mwezi badala ya sita za ujanani. Angelala gizani siku moja, na kesho yake angeshuka kununua mkate. Daktari wake, mama mmoja mkali asiyejua kubembeleza, angemwambia: "Bwana, kipandauso hiki kitakusindikiza mpaka kaburini, lakini si chenyewe kitakachokupeleka."

Kwa hiyo ushahidi bora kwamba utaishi miaka mingi ni mtu ambaye hayupo. Ukitaka, daktari huyo yuko tayari kuandika, kwa jina kamili na tarehe ya kuzaliwa. Marehemu yuko tayari kufufuka. Ni wewe tu kusema.

Baba Mkubwa wako


Salatiga, 2 Juni 1996

Baba Mkubwa mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta na afya njema. Sisi tunaendelea. Wening ameng'oka meno mawili ya mbele na anajiona mkubwa.

Nimechelewa kujibu kwa sababu jibu lilikuwa gumu. Huku kwetu marehemu wakifufuka, walio hai hupoteza kazi. Mwalimu wa fizikia wa shule yetu aligundulika mwaka jana kuwa na mjomba wa namna hiyo. Sasa anauza sabuni stendi ya mabasi. Bima ni ya kumlinda Wening kesho, lakini mshahara wangu ndio unaomlisha leo.

Mama Tatik amekuja na ushauri wake. Hajui lolote, anadhani karani wa zamani alikosea. "Mwaka sitini na sita nani alikuwa na nafasi ya kuandika vizuri? Tafuta wazee wawili waape kwamba baba yako alirudi kidogo, akaenda kuvua samaki, akafa maji. Maji hayarithiwi, mwalimu!" Mkuu wa kata ni mpwa wake, cheti kipya kitatoka.

Nimelala na jambo hili wiki tatu. Mama angekuwepo ningemwuliza yeye. Sasa mkubwa wa ukoo ni wewe. Naomba ruhusa yako mdogo wako afe maji.

Mwanao mdogo,
Nastiti


Praha, 7 Julai 1996

Mwanangu Nastiti,

Hongera kwa Wening na meno yake. Mimi sijambo.

Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikakaa. Ruhusa umepata. Nina masharti mawili tu. La kwanza, habari za kichwa chako mwenyewe usipunguze hata nukta. La pili, usimzamishe katika ziwa la hapo kwetu. Marehemu alilivuka ziwa lile kwa kuogelea akiwa na miaka kumi na minne, na wazee waliopo watakucheka. Mpeleke mto Tuntang, chini ya daraja la reli, wakati wa mvua. Pale hata hodari huchukuliwa.

Nimejiuliza sana juu ya hivi vyeti viwili. Cha kwanza kilisema kichwa humuua mtu. Cha pili kinasema hakikumuua. Kati ya viwili hivyo, cha pili kiko karibu zaidi na ukweli, na nafikiri hilo lingemtosha mama yako pia.

Jioni niliutafuta mto huo kwenye ramani ya zamani niliyoiokoa kiwandani. Jina limekosewa herufi moja. Nimelisahihisha kwa penseli.

Baba Mkubwa wako


Salatiga, 20 Oktoba 1996

Baba Mkubwa,

Hujambo? Mvua zimeanza, nasi tu wazima.

Wamenikubali. Nalipa nusu zaidi ya watu wengine kwa sababu ya kichwa, lakini hati ninayo na jina la Wening limo. Mama Tatik anasema siku ya madai, kabla ya kulipa, kampuni hutuma mtu kuwauliza majirani. Basi majirani wamejiandaa kupita kiasi. Babu Karto, shahidi wa kwanza, alipoweka sahihi alilia machozi ya kweli. "Mkono wake ulitoka majini mara mbili!" Sasa anaisimulia habari hiyo kibandani kwa muuza kahawa, na kila jioni maji yanazidi kupanda. Juzi nilipita akanishika mkono: "Mwanangu, nisamehe. Kamba ilikuwa fupi."

Nilimwambia nimekusamehe, Babu.

Mwanao mdogo,
Nastiti


Salatiga, 11 Novemba 1997

Baba Mkubwa,

Natanguliza salamu, na uniwie radhi kwa mwandiko. Huu ni wa mkono wa kushoto.

Mwezi uliopita ganzi ya uso iliteremka mpaka mkono wa kulia na haikuondoka kwa siku mbili. Nilikuwa ubaoni, chaki ikaanguka, wanafunzi wakadhani natania. Hospitali ya Semarang walinipiga picha ya kichwa. Kuna kovu dogo kwenye ubongo, kama punje ya mchele. Mkono unarudi polepole. Daktari hasemi nitakufa, lakini hasemi tena kwamba ni kipandauso tu.

Mama Tatik alikuja na uji. "Mshukuru Mungu tuliwahi," akasema. "Kwa picha hii, mwalimu, hakuna kampuni itakayokufungulia hata mlango." Yaani ile hati niliyo nayo ni ya kwanza na ya mwisho.

Usihangaike sana. Wening amejifunza kunisuka nywele.

Mwanao mdogo,
Nastiti


Praha, 5 Juni 1998

Nastiti, mwanangu,

Nakusalimu mimi baba yako. Neno hilo nililifanyia mazoezi kwenye karatasi nyingine kwanza, mkono uzoee.

Mkubwa wa nchi ameng'oka madarakani! Tuliyaona kwenye televisheni nyumbani kwa Ruslan, mwenzangu wa huku uhamishoni, sisi wazee sita, vijana wa zamani wenye meno ya bandia. Ruslan alileta tempe yake ya soya anayoivundika bafuni kwake, akasema, "Kuleni, hii ndiyo ya mwisho yenye harufu ya sabuni. Zijazo tutakula nyumbani." Hakuna aliyecheka. Tulikuwa tunalia na kutafuna.

Nimekwenda ubalozini. Miaka thelathini na miwili nimekuwa nikipita upande wa pili wa barabara ile. Binti wa dirishani alisimama akaniambia, "Karibu, Mzee wangu." Kwa kuwa mimi si raia wa nchi yoyote, anahitaji karatasi moja tu: ofisi ya kata ya kwetu ithibitishe kwamba mimi ni mzazi wako. Nikiipata, nasafiri Agosti. Sitaki kuja kutembea, nataka kukaa. Nimenunua kitabu cha lugha ya mikono. Ni cha Kicheki, najua ishara zao si zenu, lakini vidole vyangu ni vikavu na vinahitaji mazoezi kabla sijakutana na Wening.

Baba yako


Salatiga, 1 Julai 1998

Baba yangu,

Nimesoma barua yako mpaka imechanika kwenye mikunjo. U hali gani? Sisi wazima, na mkono wangu, kama uonavyo, umerudi kazini.

Nilikwenda ofisi ya kata. Karani akatoa faili: vyeti vyako viwili vimebanwa pamoja, cha mto kikiwa juu. Ni kijana mpole. Akasema, "Mwalimu, nikiandika yu hai, lazima nikifute hiki. Na nakala yake iko kampuni ya bima. Siku watakapokuja kuuliza, nitawaambia nini?"

Basi nimeamua. Jumatatu, tarehe 3 Agosti, nitakwenda Semarang kuivunja bima. Kisha karani ataandika, nawe utakuja. Ningekuja mimi huko, lakini tangu fedha yetu ianguke tiketi ni mshahara wa miaka mitano. Nina miaka thelathini na sita tu. Nitaishi. Watu wangapi wana makovu na wanaishi? Usinibishie, Baba. Sijawahi kukuona nikiwa na akili ya kukumbuka. Chumba cha mbele nimekipaka chokaa.

Mwanao,
Nastiti


Praha, 15 Julai 1998

Nastiti, mwanangu,

Nimeshukuru kwa salamu, na kwa chokaa. Afya yangu haina neno.

Nakubishia.

Nina miaka sitini na mitatu. Mungu akinijalia nitakaa nanyi kumi. Wening ana miaka kumi, na mbele yake ipo sitini ya kuishi bila kusikia. Hati ukiivunja hutapata nyingine, umeniandikia mwenyewe. Mwaka 1963 nilikuacha ukiwa na mwaka mmoja, nikasema ni masomo tu, miaka mitano, itapita. Niliamini kabisa. Sasa na wewe unaniambia utaishi, na unaamini kabisa. Mwanangu, sisi wawili tunaijua vibaya miaka ijayo.

Najua unachonipa. Hakuna aliyewahi kunipa kitu kikubwa hivyo, ndiyo maana siwezi kukipokea. Ni cha mtoto.

Fomu nimeirudisha ubalozini. Binti yule akauliza, "Mzee, nyumbani hawakutaki?" Nikamjibu wananitaka mno. Ruslan anafungasha, ananiuliza mbona sanduku langu bado liko juu ya kabati. Nimemwambia ninasubiri baridi ipungue. Ni Julai, amenitazama kama mwendawazimu.

Usiende Semarang kuvunja kitu. Lala gizani kichwa kikianza, usisimame ubaoni kwa ukaidi. Ishi sana, Nastiti. Ishi mpaka kampuni ile ichoke kupokea fedha zako.

Baba yako


Salatiga, 14 Desemba 1998

Baba yangu mpendwa,

Nisamehe kwa kimya cha miezi hii. Natumaini u mzima na chumba kina joto. Wening hajambo, amekuwa wa pili darasani, na ameniuliza kwa mikono yule mzee wa kwenye picha anakuja lini. Nilimwambia ni mbali.

Barua yako ilifika Ijumaa, tarehe 31 Julai. Jumatatu nilikwenda Semarang hivyo hivyo. Sikwenda kukutii, Baba. Nilikwenda kuivunja. Basi la kwanza, hati mkobani, barua yako kando yake. Nilichukua namba nikakaa kwenye benchi kuanzia saa mbili. Namba yangu ilipoitwa nilimpisha mama mmoja mjamzito. Ilipoitwa tena nikampisha mzee. Mlinzi akanijia, "Mama, wewe umekuja kufanya kazi hapa au?"

Saa sita kasoro nilisimama dirishani. Karani alikuwa anakula embe, akafuta mikono. "Mama, unafunga au unalipa?"

Nililipa ya Agosti.

Nimelipa ya Septemba, ya Oktoba na ya Novemba. Leo, kabla ya kukaa kukuandikia, nimelipa ya Desemba.

Mwanao,
Nastiti