Mawe Meupe Kilimani

Mukuyuni,
Jumapili jioni.

Ndugu yangu Nyamai,

Natumai hujambo huko uliko. Huku mvua ilitukumbuka, mbaazi zimechanua, na kanisa limepata mabati mapya.

Jana nilipanda kilimani, kwenye lile kaburi la kale. Njia imezibwa na miiba hadi leso yangu ikararuka. Rundo lenyewe la mawe limemezwa na majani; nililitambua kwa ule mwamba tuliokuwa tukiteleza juu yake. Unamkumbuka Susu, marehemu nyanya yetu? Mtu wa nyumbani akisafiri, Susu alikuwa akimwekea jiwe pale, ili wale wazee waliozikwa humo, wasiojulikana majina, wamlindie njia. Na Baba, na uzee wake wa kanisa, alivyokuwa akimfokea, "Mama, huo ni ushenzi!"

Sasa sikia. Aliyenituma jana ni Baba huyo huyo. Alinipa jiwe jeupe la mtoni, akasema miguu imemkataa. Nikamuuliza, "Ni la nani?" Akanijibu, "Wewe weka tu."

Nilipofyeka majani nikakuta mengine meupe kama hilo, yamepangwa vizuri. Yalikuwa manane. Huu ni mwaka wa tisa tangu ugombane na Baba ukaondoka, na jina lako hajalitaja hata siku moja.

Sikuliweka, Nyamai. Nilishuka nalo, nikamwambia Baba kilima kimenishinda. Liko hapa mlangoni, karibu na kiti chake, linakungoja. Aliyerudi hawekewi jiwe.

Ni mimi dadako,
Nzisa