Mama Kamkaribisha Papa wa Kwenye Kanda: Nikate au Nisikate?

Mpendwa mshauri, nakuandikia bisibisi ikiwa pembeni yangu na kanda ya video mapajani, na naomba unijibu mapema maana wadogo zangu wanaingia wiki ijayo kwa likizo, na nikishaifungua hii kanda hakuna tena kuirudisha ilivyokuwa.

Mimi ni mwanamke mtu mzima, fundi wa mafriji na feni, kifungua mimba kwetu, na tangu nilipoachana na mume wangu naishi na mama yetu ambaye ni mshonaji, na nyumba yetu ina jambo ambalo majirani wanalijua na wanatucheka nalo, kwamba kila msimu wa joto shule zikishafungwa na watu wote wamerudi nyumbani tunafunga mapazia mchana kweupe, tunawasha feni, na tunaangalia filamu ileile ya zamani ya papa anayekula watu ufukweni, ileile kila mwaka, mpaka wajukuu wanajua nani ataliwa na ataacha viatu vya rangi gani mchangani.

Sasa usidhani ni filamu tu. Marehemu baba yetu alikuwa na ukumbi wa video na kazi yake ilikuwa kukaa na maikrofoni akiwatafsiria watazamaji, anasema maneno ya wote, wanaume, wanawake, watoto mpaka mbwa, na kwa kuwa papa wa filamu ile hasemi kitu, baba akaona kaonewa, akampa sauti. Sauti nzito, ya polepole, ya mtu mwenye adabu zake. Kuna mahali bwana mmoja mwenye kipara amejilaza juu ya boya kajifunika kofia usoni, miguu inaning'inia majini, na papa anakuja kutoka chini, na kabla hajamgusa anabisha kama mtu aliyelelewa vizuri: "Hodi, wenye miguu." Anabisha mara tatu, halafu ndiyo yanatokea yanayotokea.

Kanda ya nyumbani baba aliirekodi hapahapa sebuleni, likizo ambayo sisi watoto tulipelekwa kwa shangazi tukawaacha yeye na mama, ndiyo maana ukisikiliza vizuri unasikia na cherehani ya mama nyuma ya sauti yake, papa anakuja na cherehani inakwenda, inanyamaza kidogo pale kwenye hodi ya tatu halafu inaendelea, na sisi tumekua tukidhani papa wote baharini wanatembea na mlio wa cherehani. Na mwiko wa nyumba ni mmoja: papa haitikiwi. Hodi ya kwanza kimya, ya pili kimya, ya tatu wote tunapiga kelele "Hakuna mtu!" na kukanyaga sakafu mpaka vikombe vinacheza kabatini, na ulimi ukikuteleza ukasema karibu, vyombo ni vyako likizo nzima. Wifi yangu alipokuja mara ya kwanza, kwa heshima zake za ugeni akasema karibu, maskini, aliosha vyombo mpaka shule zikafunguliwa.

Baba alifariki miaka kadhaa iliyopita, hospitalini, mchana, wakati mama katoka kidogo kwenda kumchukulia maji ya moto, akarudi na chupa akakuta wameshamfunika, na hilo mama hajalisema wala sisi hatujamuuliza. Filamu tuliendelea nayo. Tulijiambia ni kwa ajili ya watoto, lakini kila mtu alijua anakwenda kumsikiliza nani.

Mwaka jana mdogo wangu mmoja alikuwa zamu kazini, mwingine akaenda ukweni na watoto, tukabaki mama na mimi, na kusema kweli niliona aibu kupiga kelele peke yangu, mtu mzima na mvi zangu. Hodi ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu, cherehani ikanyamaza mle kwenye kanda, na mama aliyekuwa anamenya chungwa akasema taratibu, bila kuinua uso, "Karibu." Mshauri, ile karibu niliisikia kama imetoka pande mbili, kwa mama na kwingine. Na papa akajibu. Si kwa ile sauti nzito, kwa sauti ya baba ya nyumbani, ya kuulizia chakula, akasema, "Asante, mama. Kaa hapohapo, nakuja." Hii kanda naijua kuliko namba yangu ya simu, na naapa sijawahi kuyasikia maneno hayo humo.

Filamu ikaisha. Nikazima, nikachomoa plagi kama ninavyofanya siku zote kwa sababu joto linaua deki ya video, na waya ninao mkononi, nikasikia hodi. Moja tu, ya chini, haina "wenye miguu." Sijui ilitoka mlangoni au ilitoka wapi. Mama akainuka akafungua mlango, hapakuwa na mtu, jua limepiga kibaraza kitupu, naye akasogea pembeni kama unavyompisha aliyebeba mzigo, akasema, "Pita."

Tangu hapo mlango wa mbele haufungwi komeo mchana. Mama amezitoa kandambili za baba kwenye mfuko alikozifunga akaziweka kizingitini, na asubuhi nazikuta zinatazama nje, jioni zinatazama ndani. Nikamuuliza, "Mama, kwa nini unazigeuza?" Akanitazama akasema, "Nilidhani ni wewe."

Sasa likizo imefika na mama anajiandaa. Ameshona gauni la buluu ambalo akinisikia naingia analikunja. Vitambaa vyake vizuri amewagawia mabinti anaowafundisha kushona. Na jana, mimi nikiwa nimelala kifudifudi chini ya friji la jirani, akaja akasimama juu yangu: "Mwaka huu waambie wenzako wasipige kelele. Nataka tumsikie." Nikasema, "Tumsikie nani, mama?" Akasema, "Si alisema anakuja? Na mimi sijaenda popote."

Mshauri, mama yangu anajiandaa kufa. Mdogo wangu wa kati anasema akija ataondoka naye, nyumba ifungwe, mwenye kupanga apange. Kitinda mimba anasema, "Dada, wewe si fundi? Kata kile kipande, sema deki imetafuna." Na ni kweli naweza, ni skrubu tano, mkasi na selotepu, halafu hodi ya tatu haipo na karibu haipo. Lakini ndiyo sauti pekee ya baba tuliyonayo, na nimekaa na hii bisibisi tangu asubuhi, wateja wanapiga simu sipokei. Nikate au nisikate?

Wako,
Fundi Mwenye Bisibisi

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, kwanza weka hiyo bisibisi mahali ambapo mkono wako haufiki, ndipo usome.

Pole. Hofu ya kumpoteza mzazi wa pili haina mzaha, na sikucheki. Lakini nitakugombeza kidogo. Umezungumza na wadogo zako, umezungumza na mimi, karibu uzungumze na deki. Mwenye kanda, mama yako, hujamuuliza. Mara moja ulijaribu, akakujibu waziwazi, ukarudisha kichwa chini ya friji.

Friji likiletwa kwako linalalamika, unaanza kwa kulikata? Si unaweka sikio kwanza? Basi weka sikio hapa. Umeniandikia kwa mkono wako kwamba cherehani inanyamaza pale kwenye hodi ya tatu. Cherehani hainyamazi yenyewe, inanyamaza aliyeikalia akiinua mguu. Ninyi mlikuwa kwa shangazi yenu. Nyumbani walikuwa watu wawili, mmoja na maikrofoni, mwingine na kitambaa. Mume kabisha hodi ya tatu kwa mikogo yake, mke kaacha kushona, kaitikia kwa utani, "Karibu." Naye akasahau kwamba yeye ni papa, akamjibu mkewe kwa sauti yake ya nyumbani kwamba aendelee kukaa, akimaliza anakuja.

Ndiyo hiyo karibu uliyoisikia pande mbili. Moja ilikuwa ya mama yako wa leo mwenye chungwa mkononi, nyingine ni ya mama yako akiwa kijana kuliko ulivyo wewe sasa. Maneno yale yamo humo tangu siku ya kwanza. Hamjayasikia kwa sababu kila mwaka, palepale, mnapiga kelele na kukanyaga sakafu kama mbuzi waliofungiwa stoo.

Sasa tulia ufikirie. Mama yako amekaa na ninyi miaka yote hiyo akijua kuna nini pale. Hospitalini mumewe alimtoka yeye akiwa amekwenda kutafuta maji ya moto, hakupata neno la mwisho. Neno analo moja tu, limo kwenye hiyo kanda, na kila likifika wanawe wanalifunika kwa "Hakuna mtu." Utaniuliza mbona hakusema. Angesemaje, mnacheka hivyo, wajukuu wamejaa mkekani? Alinyamaza akawaachia mchezo wenu. Mwaka jana mlipopungua ndipo akapata nafasi. Mama yako hakumkaribisha papa, alimwitikia mumewe.

Kwa hiyo usikate. Ukikata hapo hukati sauti ya marehemu peke yake, unakata na ya mama yako, na huyo bado anakupikia. Tena kabla hamjaicheza hiyo kanda mwaka huu, ipeleke kwa mtu wa kuaminika aihamishie kwenye kompyuta, ukae naye mpaka amalize, maana kanda ya umri huo inaweza kukatika yenyewe na hapo utalia kwelikweli.

Mdogo wako wa kati mwambie mama si kabati la kuhamishwa likizo moja. Anayetaka kuondoka naye amuulize yeye, tena akiwa amekaa, si akiwa amemsimamia mlangoni na mabegi. Na huyo kitinda mimba mwenye mawazo ya mkasi, mwaka huu vyombo ni vyake.

Kuhusu gauni na vitambaa sikutulizi kwa maneno matamu. Pengine anashona kwa sababu anataka apendeze siku anayomsikia mumewe, wapo wanawake wa hivyo na Mungu awape macho ya kutunga sindano. Pengine moyo wake umechoka na hana wa kumwambia. Hutajua kwa kuchungulia gauni. Leo, kabla ya wadogo zako, kaa naye jikoni umuulize kwa kinywa chako: "Mama, unataka kutuacha?" Muulize hivyohivyo. Kama hali chakula vizuri, halali usiku, au anakwambia amechoka kuishi, mnakwenda hospitali wewe na yeye siku hiyohiyo, filamu ingoje. Mlango wa mbele fungeni komeo, maana wezi nao hubisha hodi. Na hizo kandambili, kabla ya kuogopa, jiangalie unavyotoka asubuhi na kurudi jioni na lile sanduku la vifaa umechoka hoi. Ningekuwa wewe ningeanza kuichunguza miguu yangu mwenyewe.

Siku yenyewe ikifika, fungeni mapazia kama kawaida. Watoto wapewe pipi kubwa za kujaza kinywa. Hodi ya tatu, mtu asikohoe. Mwacheni mama yenu aitikie, mwacheni ajibiwe. Halafu wewe, kifungua mimba, zima deki umuulize kilitokea nini siku ile baada ya "nakuja." Alikuja? Walikula nini? Walicheka nini? Hilo halimo kwenye kanda, analo yeye peke yake, na watu wa kuwaachia ni ninyi.

Imebaki hodi ya nne, ile uliyoisikia waya ukiwa mkononi. Nimeirudia barua yako nikitafuta pa kuipeleka. Labda ni jirani aliona mapazia yamefungwa mchana akajiendea zake. Labda ni joto. Lakini hakuna mtu mwenye adabu anayebisha mara ya nne, na hilo unalijua, ndiyo maana umeiandika. Sitakudanganya kwamba ninajua.

Ninachojua ni hiki. Ikija tena mwaka huu, filamu imeisha na plagi imechomolewa, usipige kelele, usimshike mama yako mkono, na wewe usiitikie, maana hukubishiwa wewe. Mwache ainuke afungue mlango wake. Wewe kunja miguu uiondoe njiani.