Ndege Iliyopita Juu Yetu

Jumatatu, 3 Machi

Mwandiko kama kuku kaparua.

Asubuhi ukungu mzito. Ndege imejaa, tunatembea ardhini polepole kwenda kuanza safari. Kapteni anaendesha, mimi rubani msaidizi niko kwenye redio. Ilibidi tuikate barabara ya kurukia. Mwongozaji wa ndege mnarani akasema vukeni. Nikamrudishia: tunavuka. Taa nyekundu za kwenye mstari, zile za kuizuia ndege isipite, ni mbovu tangu mwezi jana. Kapteni akaachia breki.

Pua imeshaingia. Nikageuka kulia, mazoea tu — mianga miwili ndani ya ukungu. Inakua.

"Simama!"

Nilisema kama unavyomwambia mtoto anayekimbilia barabarani. Hakuna kapteni, hakuna tafadhali. Akakanyaga breki kwa miguu yote. Ndege ya mizigo ikajinyanyua, tumbo lake likapita juu yetu, vioo vikalia. Redioni sauti ya mwongozaji ikasema, "Mungu wangu." Basi.

Tukarudishwa. Abiria hawakujua kitu. Bibi mmoja alinishika mkono mlangoni: "Mwanangu, breki zenu hazina adabu, mkoba wangu umefika kwa jirani!" Nikacheka naye.

Jumanne, 4 Machi

Nimemwambia mama. Nilitaka kumficha, lakini mama ni mama — aliniangalia ninavyokoroga chai isiyo na sukari, akajua. Hakupiga kelele. Alinigusa shavu kama anayepima homa.

Baadaye, anaosha vyombo, kanipa mgongo: "Na huyo kijana wa mnarani, ana mtu wa kumwambia?"

Sikuwa nimemfikiria. Kwangu alikuwa sauti tu.

Alhamisi, 6 Machi

Wachunguzi wametuita. Nimeeleza nilichokiona, na hizo taa mbovu pia. Kumbe asubuhi ile mwongozaji alikuwa peke yake. Mwenzake mgonjwa, hakuletwa mwingine. Ndege zinazotembea chini ni zake, zinazoruka ni zake. Ile ya mizigo aliiruhusu kuruka mwenyewe, ikamtoka akilini.

Kapteni hataki kusikia. Mtu mpole huyu! Ananiita binti, ananibebea mwavuli. Leo amesema kijana yule asikae tena kwenye kile kiti, maisha yake yote. Nikasema alielemewa. "Kuelemewa si ruhusa ya kuua, binti."

Ana wajukuu wanaomngoja nyumbani. Akachukua mwavuli wake, akatoka peke yake.

Jumapili, 16 Machi

Tumeruka tena. Sauti nyingine mnarani. Na zile taa nyekundu zinawaka! Kumbe zinatengenezeka. Mpaka tukaribie kufa.

Jumatano, 26 Machi

Kantini ya wafanyakazi. Nimepanga foleni, nyuma yangu mtu anasema, "Dada, naomba chai, isiwe ya moto sana." Kijiko kikanidondoka.

Ile sauti ya mnarani.

Nilitarajia mtu mkubwa. Ni mwembamba, shati limempwaya, ndevu za siku kadhaa. Alikuwa anatoka kuhojiwa. Nikachukua kikombe changu nikaenda kukaa mezani kwake bila kukaribishwa.

"Samahani, tunafahamiana?"

"Mimi ni ile ndege."

Hakuelewa. Halafu akaelewa. Aliweka viganja viwili mezani, kama mtu anayezuia meza isipeperuke. Nilikuwa nimejiandalia maneno makali, niseme ukweli. Yote yaliyeyuka.

Akasema aliiona ile ya mizigo. Aliiona kwa macho kabla ukungu haujaifunika, akairuhusu, simu ikalia, akaipokea, na alipoweka simu ile ndege haikuwepo tena kichwani. "Si kwamba nilizembea, dada. Ilifutika." Kwa mkewe amesema yuko likizo. Mkewe amefurahi, amempangia kupaka rangi nyumba. Sasa anapaka rangi, huku analia juu ya ngazi, anasingizia harufu.

Nikacheka. Nikashtuka kwamba nimecheka. Naye akacheka, kidogo, machozi yakiwa hapo hapo.

Alipoinuka aliuliza, bila kuniangalia, kapteni yukoje. Na mimi, sijui nini kilinituma: "Anakusalimia sana."

Ee! Ulimi huu!

Alhamisi, 27 Machi

Nimemwambia kapteni kabla hajasikia kwa wengine. Akaniangalia hadi nikatamani ardhi ipasuke.

"Salamu zangu umeziokota wapi?"

Nikamweleza yote. Simu. Rangi. Ngazi. Tukaruka, tukatua, tukashuka. Kisha akauliza: nyumba wanapaka rangi gani?

Sikumuuliza kijana.

Ijumaa, 11 Aprili

Naandika kwenye basi la wafanyakazi. Dereva keshapiga honi mara mbili.

Leo kijana wa mnarani amerudi kazini, chini ya usimamizi. Hatukuambiwa. Tumetua, tukafika kwenye mstari, taa nyekundu zinawaka, na redioni — yeye. Sauti imekauka. Subirini. Tukasubiri. Ndege ikapita. Taa zikazimika, akasema vukeni. Nikaangalia kulia: hakuna. Kapteni akaangalia kushoto: hakuna. Breki hakuachia.

Akasema tena, vukeni. Kapteni macho mbele. Nyuma yetu kuna nyingine inangoja. Nikamwambia taratibu, "Kapteni, kweupe." Mara ya tatu sauti ilikuwa karibu kukatika. Hapo ndipo tukavuka.

Tulipoegesha alivaa kofia yake, akauliza waongozaji wanapumzikia wapi. Nikamwonyesha dirisha la chini pale mnarani. Nikasema, "Baba, tafadhali." Sijawahi kumwita baba. Akaenda, anatembea kama anakwenda kugomba.

Nawaona kupitia kioo cha dirisha lile. Kijana amesimama wima, mikono nyuma, kama mwanafunzi. Kapteni anaongea. Anaongea muda mrefu. Sisikii hata neno. Dereva anasema anaondoka.

Ngoja, kaka, ngoja kidogo! Kapteni amevua kofia. Anavuta kiti —