Mkono Wako Ndio Uliochagua Baiskeli

Gungu, Kigoma
Jumatano asubuhi

Data, baba yangu, shikamoo.

Sijaandika hata neno moja, mjukuu wako Neema amenipokonya kalamu, akaitupa chini ya kitanda, akalala chali mkekani. Miguu yote miwili juu, anakanyaga hewani, kulia kushoto, kulia kushoto, na mdomoni analia "trrrr" kama cheni inayoteremka mlima. Hajafundishwa na mtu. Miaka miwili haijatimia. Nimetoa kalamu uvunguni, nimemwacha aendelee na safari yake, na mimi naanza yangu.

Hatujambo huku. Homa ya Neema imekwisha, anakula mpaka anatafuta chungu. Baba yake, Ezekieli, yupo na kazi yake ya kuchomelea mageti, macho yanamsumbua kidogo kwa ule mwanga. Goti lako la kushoto linasemaje? Mama kifua chake kimepoa? Na mikungu ya michikichi mmeanza kukata, au mvua imewachelewesha? Uniambie yote, usinifiche kwa kusema "tupo tu".

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu unanikatia. Mara tatu nimetaja neno baiskeli na mara tatu simu imekufa, halafu Mama anapiga kusema mtandao mbaya. Mtandao wa huko kwenu Rumonge, Burundi, ni mbaya kwa neno moja tu, Data? Barua huwezi kuikata. Ataileta Mama Irakoze, yule anayekuja na sabuni na kurudi na vitenge. Anaondoka leo na amesema hangoji mtu, barua ikiisha isipoisha ataichukua ilivyo.

Kwa hiyo sikiliza. Nimenunua baiskeli ya mbio.

Keti kwanza. Umeketi? Nimenunua, siyo nataka kununua. Ile nyembamba, yenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume, haina keria, haina madigadi, haina kengele. Ukiipanda unainama.

Najua unalosema. Majirani walishalisema kabla yako. Mama Zawadi wa nyumba ya pili aliangalia picha yake kwenye simu, akashika kiuno. "Mama mzima, umeshanyonyesha, utainama hivyo mbele ya wazee barabarani?"

Nikamwambia, "Nikiinama na jembe shambani, ni mzee gani aligeuza uso?"

Akacheka, lakini akasema tena, "Jembe linaleta mihogo. Hiyo italeta nini?"

Yeye nilimuaga. Nakujibu wewe.

Mwezi ujao kuna mashindano ya wanawake. Yanaanzia sokoni Mwanga mpaka Ujiji na kurudi, mara tatu. Mwaka jana niliingia na baiskeli ya mizigo ya Ezekieli, ile aliyoichomelea keria ya chuma ya kubebea mageti. Aliponiambia aing'oe nilikataa, nikasema nitachelewa. Nilikuwa wa pili, Data. Wa pili na keria! Kwenye ule mwinuko wa mwisho msichana mmoja wa Bangwe mwenye baiskeli nyepesi ndiye aliyenipita, na alipita akihema kuliko mimi. Nilipofika, mwanamke mmoja kati ya watu akapaza sauti, "Jamani, mkimbizi kashika namba mbili na keria!" Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, nikampungia mkono. Lakini nilipofika nyumbani nilikaa chini nikasema, mwaka huu watanicheka nikiwa wa kwanza.

Ulipokuwa bado unanisikiliza uliniambia, "Wewe ni mgeni huko. Mgeni mwema anapita pembeni ya barabara." Nimelifikiria neno hilo kwa heshima, wewe ni baba yangu. Na jibu langu ni hili: pembeni ya barabara kuna mchanga, Data. Tairi nyembamba zinazama. Mimi nitapita katikati ya lami. Nimeolewa hapa, nimezaa hapa, kitovu cha Neema kimezikwa hapa nyuma ya jiko. Nitakuwa mgeni mpaka lini?

Sasa nikueleze nilivyochagua, maana wewe ni mtu wa baiskeli hata ukikataa.

Hapa mjini hawauzi za namna hiyo. Zinauzwa mtandaoni, muuzaji yupo Dar es Salaam, anatuma kwa basi. Mwezi mzima, Neema akilala mchana, nilikuwa nashika simu ya Ezekieli yenye kioo kilichopasuka na kupitia picha moja moja. Kulikuwa na ya bei ya chini, mpya, nyekundu inang'aa. Ezekieli aliipenda sana. Nikamwonyesha mahali walipoandika uzito. Nzito karibu sawa na yake ya mageti! Ni rangi tu ndiyo ya mbio. Kulikuwa na ya bei ya juu, fremu yote ya kaboni, naambiwa unaiinua kwa kidole kimoja. Hiyo tuliitazama kama mtu anavyotazama nyumba ya waziri, tukapita.

Nikabaki na za katikati. Na katikati ndiko kwenye kazi, Data, maana hapo kila moja ina uzuri wake na ila yake. Nimechagua iliyotumika kidogo, fremu ya alumini, uma wa mbele wa kaboni, rangi ya majivu isiyompendeza mtu yeyote. Muuzaji alinishawishi nichukue yenye breki za diski. Nikamuuliza, "Zikiharibika, fundi wa Gungu ana vifaa vyake?" Akasema vitaagizwa Dar es Salaam. Nikachukua ya breki za kubana rimu, mpira wake unauzwa mpaka Mwanga kwenye meza za barabarani. Na nikahakikisha uma una nafasi ya kuvaa tairi nene kidogo, kwa sababu kutoka kwetu mpaka kwenye lami ni mawe. Wewe si ndiye uliyekuwa ukisema, baiskeli huinunui kwa macho yako, unainunua kwa njia yako?

Likabaki jambo la saizi. Hapo ndipo nusura niharibu kila kitu.

Ukurasa wao unataka uandike urefu wa mguu, halafu wenyewe wanakwambia fremu yako. Nikasema, kupima mwili ni kazi ya fundi cherehani. Nikambeba Neema mgongoni mpaka Mwanga kwa Mzee Rajabu, anayewashonea wanakwaya wote.

"Nipime mguu, Mzee."

"Suruali ya mume?"

"Yangu."

Akanitazama juu ya miwani. "Ya kwendea wapi?"

"Kwenye baiskeli."

Akasimama mbali kama mtu anayepima ng'ombe mkali. Akaweka futi kiunoni kwangu, juu ya kitenge, akaishusha kwa nje mpaka chini, na ndala zangu zikiwa mguuni. "Tisini na saba," akasema. "Mrefu wewe. Ungezaliwa mwanaume ungeshachukuliwa jeshini." Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa, Data. Tisini na saba!

Nikaandika. Ukurasa ukanipa fremu kubwa kuliko zote, ya mwisho kabisa. Rangi ya majivu ipo, ya saizi hiyo imebaki moja. Ezekieli akasema bonyeza isije ikachukuliwa. Kidole changu kilikuwa juu ya kile kitufe, haki ya Mungu.

Chini kidogo wameandika kila fremu siti yake inakaa juu kiasi gani, kutoka kwenye ekseli ya pedeli. Ya fremu ile, hata ukiishusha mpaka mwisho, ni sentimita sabini na nane. Na hapo, bila kufikiri, nikainua mkono wangu wa kulia.

Unakumbuka? Unaikumbuka, usijifanye. Asubuhi, kabla hujafunga madumu ya mawese kupandisha milimani, mtu akikuletea baiskeli ya kuazima ulikuwa unaweka siti kwapani, unanyoosha mkono chini, ncha ya kidole cha kati lazima iguse ekseli. Isipogusa unamrudishia mwenyewe. "Hii siyo yangu, itaniua kwenye mlima." Mimi nilikuwa mtoto, nakuigiza kwenye kigoda. Sikujua kumbe najifunza.

Nikamwambia Ezekieli anipime mkono, kwapani mpaka ncha ya kidole. Sitini na saba. Nikapima tena. Sitini na saba. Mkono unasema mdogo, mguu unasema twiga. Mmoja anadanganya.

Ezekieli akasema, "Tumwamini fundi, yeye ana futi." Nikamwambia fundi ana futi, baba yangu alikuwa na milima. Nikampigia muuzaji.

"Dada, mguu tisini na saba? Wewe una kimo gani?"

Nikamtajia.

"Sasa hiyo miguu inaanzia shingoni? Nani amekupima?"

"Fundi cherehani."

Kijana alicheka mpaka nikasikia wenzake wanamuuliza kuna nini. Kumbe wao wanataka kwa ndani, mtu amesimama bila viatu, kutoka pale miguu inapogawanyika mpaka sakafuni. "Chukua kitabu kigumu, ukibane huko juu, usimame ukutani, mtu aweke alama." Sasa kitabu kigumu nyumbani kwetu ni Biblia tu, na mimi siwezi. Ezekieli akatoa pima maji yake ya kunyooshea mageti, tukaitumia hiyo, Neema anapiga makofi. Sabini na sita! Na fremu ya mtu wa sabini na sita, siti yake inaweza kukaa sitini na saba. Sawasawa na mkono, Data. Hata unywele haupiti kati.

Nilikwenda kumwambia Mzee Rajabu. Hakuona aibu hata kidogo. "Mimi sipimi wake za watu kwa ndani," akasema. "Baiskeli yenu ndiyo haina adabu." Nikamwachia aishone hiyo suruali, kwa vipimo vya nje.

Kwa hiyo uelewe. Umenikataza kwa mdomo, lakini mkono wako ndio uliochagua. Kama ningekutii nikasahau kila ulichonionyesha, leo kungekuwa na fremu ya twiga njiani.

Na najua kwa nini unakata simu. Siyo mambo ya kuinama, wala siyo ugeni. Mimi nilikuwapo siku ile tulipokimbia, pale ufukweni. Bibi ulimleta kwenye keria, mimi na ndugu yangu Deo tunasukuma nyuma, na mwenye boti akasema watu ndiyo, chuma hapana. Wengine walitupa baiskeli zao majini. Wewe uliifunga kwenye mchikichi na kufuli, ukavuta mnyororo mara mbili kuona kama umeshika, kama mtu anayeingia dukani atoke baada ya dakika tano. Kwenye boti hukugeuka kutazama nyuma. Kambini huku Tanzania hukuitaja. Mliporudi nyumbani Mama aliniambia ulikwenda pale peke yako, ukakuta mti una alama ya mnyororo tu. Tangu hapo hujapanda ya mtu yeyote, unatembea na goti hilo. Na ufunguo, Mama anasema, bado upo kwenye mfuko wa koti lako la kanisani.

Mimi sikubali, Data. Waliotukimbiza walichukua nyumba, walichukua mbuzi, walichukua ile baiskeli. Mlima hawakuuchukua. Namna ya kuupanda unayo wewe, na mimi ninayo, na huyu hapa mkekani amechoka sasa, amelala, lakini mguu mmoja bado unacheza.

Sikuombi ruhusa. Nakuomba uje. Siku ya mashindano nataka usimame pale kwenye mwinuko wa mwisho, pale yule msichana wa Bangwe aliponipita. Watu wengine watapiga kelele. Wewe useme tu kama ulivyokuwa ukisema zamani, "Usisimame, kaa, zungusha." Nitakusikia. Usipokuja nitapanda vilevile, na nitakuwa na hasira, na hasira pia inapandisha mlima.

Boksi lilitakiwa kufika na basi la leo. Ezekieli amekwenda stendi tangu alfajiri na toroli.

Msalimie sana Mama, mwambie dawa ya kifua nimempa Mama Irakoze, anywe yote asigawie majirani. Msalimie Bibi, abiria wetu, mwambie hii haina keria kwa hiyo asinione mchoyo. Deo, ndugu yangu fundi uashi, mwambie nasikia anajenga kwa watu, amalize kwanza choo cha kwenu. Shangazi anayepika sabuni naye, na mchungaji aliyetuombea wakati wa kuondoka. Ezekieli anakusalimu kwa heshima zote, anakuita baba mkwe mkali.

Ni mimi mwanao mkaidi,
Joselini, Mama Neema

Data, bado nina nafasi chini hapa. Ule ufunguo, ukija, uje nao. Siyo kwamba utafungua kitu. Nimefikiria tu kuufunga kwa uzi chini ya siti, pale ambapo

Ezekieli huyo! Nasikia toroli. "Mama Neema! Mama Neema wee! Toka na kisu, boksi hili hapa!" Na Mama Irakoze amesimama mlangoni amenyoosha mkono anataka karatasi. Watalifungua bila mimi, Neema ameshaamka, amekimbia uchi. Nakuja, jamani, msiiguse! Data, ngoja, ngoja kidogo tu niweke siti kwapani nione kama kidole kinagu