Koti Ndilo Lifuate Mwili

3 Machi

Shibe wangu,

Hujambo? Mimi sijambo, goti tu ndilo linalonung'unika. Anayeniandikia ni jirani yangu fundi viatu. Nimemwonya asiongeze neno wala asipunguze.

Eti meneja wa hoteli atakusimamisha mapokezi siku koti la kazi likikuenea, na mpaka hapo ukae chumba cha nyuma upokee simu? Wewe mwenye lugha tatu! Nitumie kifungo kimoja cha koti hilo, kipande cha kitambaa chake nione rangi, na uzi wa vipimo vyako. Namba sizijui, unanijua: pima kifua, funga fundo, kiuno, fundo, nyonga, fundo. Koti nitalishona mimi.

Bibi yako

19 Machi

Shikamoo Bibi,

Pole na goti. Mimi mzima. Vitu ulivyotaka hivi hapa.

Meneja si mbaya, Bibi. Alisema tu, "Mapokezi ni sura ya hoteli, tunataka mtu mwepesi." Wenzangu wakacheka, nami nikacheka. Wageni walionisikia kwenye simu huniulizia. Wakiletwa kwangu, hutazama nyuma yangu wakimtafuta mwenye ile sauti.

Mjukuu wako, Shibe

2 Aprili

Shibe,

Salamu baadaye. Uzi huu ni wa nani? Nimekuogesha, nimekubeba mgongoni mpaka kiuno kikalia. Mwili wako naujua kwa viganja. Ulivuta tumbo ndani, au unashinda njaa? Fundi viatu ananiambia nipoze maneno. Nimemwambia, andika!

Miaka arobaini nashona. Nguo ikibana, analaumiwa fundi. Sijaona mteja akiomba radhi kwa sababu ya mabega yake. Koti ndilo lifuate mwili. Kula, pumua, pima upya. Nitumie uzi wa kweli au usinitumie kitu.

Bibi yako, anayekupenda mpaka anatamani kukuchapa

30 Mei

Shikamoo Bibi,

Nisamehe kwa kimya. Ulijua. Nilikuwa nashinda na chai kavu, hadi siku moja nikaanguka mezani, mkonga wa simu ukining'inia, mgeni anaita, "Haloo? Haloo?" Nilipopata nguvu nikaisoma barua yako tena.

Uzi huu hapa. Nilipima nimeshiba.

Mjukuu wako, Shibe

8 Julai

Bibi, shikamoo mara mbili!

Koti limefika. Hata nikiinua mikono halilalamiki. Nimelivaa nikamwendea meneja. "Ulisema likinienea."

Akaligeuza kola, akatafuta kibandiko. "Umelitoa wapi?"

"Kwa fundi wangu."

Rangi ileile, vifungo vilevile; akanipisha. Nikasimama mapokezi. Mgeni wa kwanza alikuwa mama mmoja mwenye mizigo mingi. Nilipomkaribisha akaweka chini mabegi yote. "Kumbe ndiwe wa kwenye simu!"

Hakutazama nyuma yangu, Bibi.

Mjukuu wako, Shibe wa mbele

27 Julai

Shibe wangu,

Hujambo? Goti limenyamaza, limeona haya kulia mbele ya furaha.

Nyuzi za wateja huzitundika zote nyuma ya mlango. Wako nimeupa msumari wake peke yake, ukutani, pale mtu anapoingia tu. Jana mteja akauliza, "Mrefu hivi, wa nani?"

Nikamwambia, "Wa mjukuu wangu. Na haujapunguzwa hata ukucha."

Bibi yako