Masahihisho Kwenye Kisomeo

Jumatatu, 3 Machi

Chiriku kaniletea kifaa cha kusomea vitabu. Chepesi kuliko sahani. Anakiita kisomeo. Nimeligeuza neno hilo mdomoni, kama nilivyofanya miaka thelathini na mmoja kwenye kiwanda cha uchapaji nikisahihisha prufu, zile nakala za majaribio — linapita.

Kompyuta ya sebuleni imenishinda. Mwanga wake unachoma macho, na mgongo hauwezi tena kiti. Kisomeo nakisoma nimelala. Hakinimuliki usoni, na herufi nazikuza mpaka zinatosha bango la barabarani. Chiriku hakubali. Kompyuta ina kioo kipana, anasema, unatafuta neno lolote unalipata hapo hapo, na barua zako unazifungua pembeni. Nikamwambia ndiyo maana vitabu havimalizi! Akacheka. "Haya mama mkubwa, baki na kibao chako."

Ndani kaweka kitabu kimoja tu. Kakichapa mwenyewe kwenye kompyuta, jioni kwa jioni, miezi minne. Riwaya yangu.

Riwaya "yangu". Hata hapa, ambapo hakuna anayesoma, mkono umeandika hivyo wenyewe.

Jumatano, 5 Machi

Daktari alikuja jana. Wiki, si miezi. Alimwambia Chiriku koridoni akidhani sisikii. Masikio ndiyo viungo vilivyobaki vizima.

Basi niandike. Kitabu si changu. Kiliandikwa na mdogo wangu, mama yake Chiriku, katika madaftari sita ya mistari. Alinipa nimsahihishie. Akafa kabla sijayarudisha. Mtoto alikuwa na miaka mitatu. Nikabadili maneno hapa na pale, nikaweka jina langu, madaftari nikayatia moto nyuma ya nyumba. Mtoto nikamlea. Nilijiambia moja linafuta jingine. Halifuti.

Kikasomwa mashuleni. Nikasimama majukwaani. Na mtoto akaniuliza, sijui mara ngapi — mama hakuacha hata barua? Hata mstari mmoja? Hakuacha kitu, nikasema.

Maneno yake yote ninayo kichwani. Nikifa, yanakwenda nami. Kwa hiyo leo nimeanza. Kwenye kisomeo ukiligusa neno linapigwa rangi ya njano, kinatokea kisanduku, unaandika utakalo. Naandika asili. Herufi moja moja. Mimi niliweka: "mvua kubwa ilinyesha." Yeye alikuwa ameandika: "mvua ilisita mlangoni kama mgeni."

Na nilidhani naboresha!

Jumamosi, 8 Machi

Masahihisho thelathini na manne mpaka sasa. Chiriku atayakuta nikishazikwa, kama mtu anavyokuta penseli ya marehemu kwenye pambizo. Anisome nisipokuwepo. Ni woga, najua.

Mchana kanibeba mpaka sebuleni nipate hewa, kisomeo mapajani. Kanipima kwa mikono — eti nimekuwa mwepesi kama kapu la nguo kavu. Mzaha, lakini macho yake hayakuwa ya mzaha.

Jumapili, 9 Machi

Moyo bado unapiga vibaya.

Nilikuwa kwenye kochi. Chiriku yuko kwenye kompyuta, ghafla anapiga kelele: mama mkubwa, kitabu changu kimejipaka manjano! Nikauliza kivipi. Akanieleza kwa subira, kama anamfundisha mtoto: kitabu ni kimoja. Ninachoandika kwenye kisomeo, kikipata mtandao tu, kinatokea na kwenye kompyuta. Chumbani kwangu mtandao haufiki. Sebuleni upo. Jana nilipokaa pale, alama zote thelathini na nne zilivuka.

Maisha yangu yote pambizo ilikuwa mali ya nakala moja! Nani angenieleza kwamba sasa nakala hazina kuta?

Akafungua ya kwanza. Nikashika ukingo wa kochi. Akasoma kwa sauti: "Asili: mvua ilisita mlangoni kama mgeni." Kisha akapiga makofi!

"Kumbe hii ndiyo rasimu yako ya kwanza! Nzuri kuliko iliyochapwa! Unaandaa toleo jipya kimyakimya, kizee mjanja wewe!"

Anadhani ni zangu.

Nikamwacha adhani hivyo.

Jumatatu, 10 Machi

Namwibia mdogo wangu mara ya pili, na safari hii sina hata nguvu za kusimama.

Chiriku keshampigia mhariri anayefahamiana naye. Toleo jipya, lenye masahihisho ya mwandishi mwenyewe. Kaja kukaa kitandani kwangu, anang'aa. Ananiuliza: kitabuni, pale mama anapomsuka mtoto nywele huku akimhesabia mafundo — je, ulimwona mama yangu akinisuka? Nikasema nilimwona. Hilo ni kweli. "Ndiyo maana umeliandika vizuri," akasema.

Nilifungua mdomo. Ikatoka pumzi tu. Akadhani nina kiu, akaniletea maji.

Jumanne, 11 Machi

Fundi wa mtandao anakuja kesho. Ataweka kisanduku hapa chumbani ili Chiriku azipate alama zangu papo hapo.

Leo nimeandika moja tu. Imenichukua asubuhi nzima. Ukurasa wa jina. Nimelipaka njano jina langu: "Si sahihi. Aliandika mama yako. Madaftari niliyachoma mimi. Hapa chini palikuwa na tabaruku, nikaiondoa: Kwa mwanangu asiyenyamaza, ili siku moja anyamaze asome."

Nimehifadhi. Mpaka kesho iko humu tu. Mpaka kesho naweza kuifuta.

Jumatano, 12 Machi

Asubuhi. Fundi yuko juu ya ngazi, anatoboa ukuta. Vumbi mpaka kwenye shuka. "Bibi, vumbi likikuzidi niambie nisimame."

Kidole kimekwenda kwenye Futa mara mbili. Mara mbili kioo hakikunisikia — ngozi imekauka mno. Mara ya tatu nikalowesha kidole kwa ulimi. Ndipo nikaona ninachofanya! Nimekitia kisomeo chini ya mto na kushika kalamu hii, mkono uwe na kazi.

Fundi kashuka. "Tayari. Taa ya kijani hiyo."

Chiriku, toka sebuleni: mama mkubwa, imeingia nyingine! Ya ukurasa wa jina kabisa! "Umefika mpaka kujibadili jina sasa?" Anacheka peke yake. "Ngoja niifungue."

Kipanya kimebofywa. Hata hapa nimekisikia.

Kicheko kimekatika.

Fundi anakunja waya zake. Ana karatasi mkononi, anatazama mlangoni. Anaita: dada, njoo unitilie sahihi hapa niondoke.

Anaita tena.