Ukoo wa Yesu

Njue mjukuu wangu,

Pokea salamu kutoka Nkubu. Mgongo unaniuma kwa kuchuma chai, lakini bado nasimama. Nyanya yako amenipigia simu, anasema mvua imefika Gachoka na ndengu zimeota.

Umeniuliza kama Yesu alizaliwa Mkristo. Swali hilo linanitia aibu mpaka leo.

Nilipokuwa kijana, katekista alituhoji mbele ya wenzetu kabla ya ubatizo. Ukishindwa, hubatizwi. Akaniuliza, "Yesu alitahiriwa lini?"

Nikajibu kwa sauti kubwa, "Alipofika miaka kumi na miwili, pamoja na rika lake." Si ndivyo tunavyofanya sisi?

"Siku ya nane, kijana. Alikuwa Myahudi. Na zaburi alifundishwa na nani?"

"Na padre."

"Wa parokia gani?" mmoja akapiga kelele nyuma, na wote wakaangua kicheko.

Katekista hakucheka. Akasema, "Alifundishwa na wazazi wake, Wayahudi. Petro na Paulo pia walikuwa Wayahudi, na walisali katika sinagogi." Kisha akanipitisha, nadhani kwa huruma.

Kicheko nimekisahau, Njue. Kinachoniuma ni kitu kingine. Kwetu hata mgeni anayeomba maji ya kunywa huulizwa ukoo wake, apewe heshima ya watu wake. Mimi nilitaka kubatizwa kwa jina la Yesu, na sikuwa nimewahi kuuliza mama yake alitoka kwa watu gani.

Nashukuru kwamba wewe umeuliza.

Guka wako